Mtu wa Nyuma ya Mwaloni

Sehemu ya Saba

Haya, kidole cha Bibi Hillegonda bado kiko palepale tulipokiacha Jumamosi iliyopita. Kimenyooka kama msumari, kinakaribia kabisa kugusa rangi.

"Reynier!" akapiga kelele mara ya pili, ili hata wa jikoni wasikie. "Reynier, hiyo si kofia yako?"

Ukumbi mzima kimya. Yaani kimya kile ambacho mtu akimeza mate, jirani anajua asubuhi alikula nini.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, pole, shika hapa twende. Tuko Haarlem, sikukuu ya Mtakatifu Martin, saa tano na robo asubuhi, ndani ya nyumba ya wazee ya Mtakatifu Odulf. Shuka lililofunika mchoro limevutwa. Ukutani kuna mchoro wa msitu, mpana kuliko kitanda cha watu wawili. Miti mbele, miti nyuma, njia ndogo inajikunja katikati halafu inapotea gizani.

Miti hiyo kaichora Joost, miezi minane. Joost akichora mwaloni, unasikia kabisa ubaridi wa kivuli chake. Ila watu sasa! Watu wa Joost ni vigingi vya uzio vilivyovishwa suruali. Kwa hiyo akafanya wanavyofanya wachoraji wote wa mji ule: huyu achore miti, mwingine aitwe kuja kutia watu. Aliyeitwa ni Lubbert.

Na Lubbert ana mazoea yake. Kila msitu anaopewa, mahali fulani, nyuma ya mti fulani, lazima aweke mtu kachuchumaa, suruali magotini, anajisaidia. Hilo halikumshtua mtu. Watu wa Haarlem hununua msitu, wakautundika juu ya meza, halafu baada ya chakula wakashindana na watoto nani atamwona wa kwanza.

Kilichowashtua ni kofia.

Maana yule mtu kaelekea mti, uso hauonekani. Kinachoonekana ni vitu viwili tu: juu kofia, chini makalio. Kofia yenyewe nyeusi, ndefu, ukingo mpana kama sinia, na bizimu ya fedha. Kofia za namna hiyo Haarlem zilikuwa tatu tu, na zote tatu dakika ile zilikuwa humo ukumbini, juu ya vichwa vya wadhamini watatu wa nyumba ya wazee. Bwana Reynier Stoop, mpika bia, ndiye aliyeanza kuagiza yake. Wenzake hawakupata usingizi mpaka walipopata zao.

Wa pili ni Bwana Ysbrand, mfanyabiashara wa vitambaa.

Wa tatu ni Bwana Wouter, mng'arisha kitani. Na huyo ndiye baba yake Baertje.

Masikini Baertje! Alikuwa kasimama karibu na dirisha, mikono imejikunja ndani ya aproni. Maana siku hiyo ilikuwa yake, si ya mchoro. Wadhamini wote watatu wakiweka sahihi ya kuukubali mchoro kabla kengele ya saa sita haijamaliza kulia, mwenyekiti wa chama cha wachoraji, Mzee Mattheus, anaandika jina la Joost kwenye orodha ya mafundi. Fundi anaruhusiwa kufungua karakana. Mwenye karakana anaruhusiwa kuoa. Na Wouter alikuwa ameapa mbele ya kasisi: Joost akiwa fundi leo, amchukue binti yangu. Asipokuwa, Baertje anaolewa na Harmen.

Harmen! Mgane wa miaka hamsini na miwili, mwenye ng'ombe arobaini, anayeuza mtindi. Sasa kitani cha Haarlem hakiwi cheupe bila kulazwa kwenye mtindi siku kadhaa, mapipa kwa mapipa. Wouter alipiga hesabu haraka kuliko alivyowahi kusali: mkwe mwenye mtindi ni mtindi wa bure mpaka kaburini.

Turudi ukumbini.

Bwana Stoop alivua kofia yake akaipunga hewani. "Kofia yangu hii hapa! Ilikuwa kichwani mwangu! Itakuwaje tena iwe msituni?"

"Kofia nimeitaja kwa heshima tu," alisema Bibi Hillegonda. "Miaka ishirini na sita ya ndoa, mume wangu, unadhani nakutambua kwa kofia?"

Benchi la wazee likapasuka kwa kicheko. Mzee Teunis, mwenye meno matatu na maneno mia tatu, akapiga mkongojo sakafuni. "Mungu akujalie maisha marefu, mama! Leo hata kama hatuli, tumeshiba."

"Mimi nakubaliana na Bibi," alisema Ysbrand, akisogeza pua karibu na mchoro. "Upana huo ni wa mtu wa bia."

"Upana? Wewe Ysbrand, wewe, unathubutu kutaja upana? Kiti chako cha kanisani si kimeongezwa ubao mara mbili?"

"Kiliongezwa kwa ajili ya joho!"

"Joho gani linalokaa chini likavunja ubao?"

Halafu wote wawili, kama waliokubaliana, wakamgeukia Wouter.

"Na wewe mbona kimya?"

"Mimi mtu mwembamba," alisema baba yake Baertje.

"Mwembamba mbele," alisema Stoop.

Baertje akafumba macho. Akamsogelea Joost, aliyekuwa kasimama pembeni na rangi ya kijani kwenye nyusi kama kawaida yake.

"Joost, ulimwona huyu mtu kabla hujaleta mchoro?"

"Nilimwona. Si kawaida? Msitu bila yeye ni kama supu ya njegere bila mguu wa nguruwe."

"Na kofia hukuiona?"

"Mimi natazama majani, Baertje."

Jamani, wanaume wengine! Unampenda, unalia usiku kwa ajili yake, kumbe mwenzio anatazama majani.

"Naweza kumfunika," aliongeza, sasa kwa sauti ya wote kusikia. "Nusu saa tu. Nampandishia kichaka mpaka kwenye kofia."

Mzee Mattheus alikuwa mezani, kitabu kikubwa wazi mbele yake, kalamu ya unyoya sikioni. Mzee huyo alikuwa mkavu kama mkate wa jana. "Ukigusa brashi tu, huo ni mchoro mpya. Mchoro mpya unahukumiwa Pasaka."

Mpaka Pasaka Baertje atakuwa keshazoea kunuka mtindi.

"Basi tumalize," alisema mzee, akachovya kalamu. "Nani anakataa?"

Midomo mitatu ikafunguka kwa pamoja.

"Anayekataa," aliendelea Mzee Mattheus, "anaandika hapa kwa mkono wake mwenyewe jina lake na sababu yake. Kitabu kinasomwa mbele ya mji mzima kila Pasaka, kama kawaida. Mwaka hadi mwaka."

Midomo mitatu ikafungwa.

Ilikuwa hapo ndipo akili ya Baertje ilipowaka kama kibiriti kwenye majani makavu. Akatoka ubavuni mwa Joost, akapiga goti la heshima, sauti tamu kama asali ya kwa shangazi.

"Wadhamini wangu, kwani shida iko wapi? Asiyeutaka msitu si aandike tu? 'Mimi Reynier Stoop naukataa mchoro huu kwa sababu...' Kwa sababu gani, Bwana Stoop? Nisaidie, mimi mtoto wa kike, hesabu zangu fupi."

Stoop akatazama dari.

"Au Bwana Ysbrand? 'Kwa sababu yule aliyechuchumaa...' aliyechuchumaa ni nani vile?"

"Simjui!" Ysbrand akaruka. "Sijawahi kumwona! Mchoro mzuri sana! Miti... ina majani."

"Hata mimi simjui," alisema Stoop. "Mtu tu. Mpita njia."

"Mwenye kofia ya bizimu ya fedha," alinong'ona Bibi Hillegonda.

"Nyamaza, Hillegonda."

Mwamuzi wa mashindano angekuwepo, angempa Baertje ushindi palepale. Stoop akajikokota mpaka mezani, akaishika kalamu. Saa tano na dakika arobaini. Joost akamkonyeza Baertje. Baertje kichwani keshaanza kuchagua mapazia.

Mlango ukafunguliwa kwa teke.

"Bata yuko wapi?"

Lubbert! Kofia upande, shati limefungwa vifungo visivyo vyake, na harufu ya bia imetangulia kuingia kama mpambe wake. Sikukuu ya Mtakatifu Martin kila nyumba Haarlem inachoma bata bukini, na Lubbert alikuwa na desturi ya kutembelea nyumba zote.

"Nasema bata yuko wapi? Nimezunguka jikoni, nimeona karoti. Karoti! Leo!"

"Bata hakuna, mwanangu," alijibu Mzee Teunis kutoka kwenye benchi. "Kaliwa na mbweha."

"Mbweha yupi?"

"Si tulisomewa taarifa? Bata thelathini wa sadaka, wakulima wametuletea sisi wazee. Jumatatu wakafungiwa kwenye kibanda cha msituni. Jumatano wadhamini wetu wakaja hapa wamevua kofia, wanalia kabisa, wakasema mbweha kawamaliza wote. Tukawapa pole sisi."

Lubbert akamtazama Teunis. Akawatazama wadhamini. Akautazama mchoro wa Joost, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mbweha! Aisee! Mimi Jumanne nilikuwa msituni, natafuta mtu wa kuchora. Huyo mbweha wenu nilimwona. Alikuwa kavaa kofia."

Baertje akajisogeza karibu na mchoro.

"Njooni mtazame," alisema Lubbert. "Chini yake pale, mmeona kitu cheupe?"

"Shati," alisema Bibi Hillegonda.

"Shati lina mdomo wa rangi ya karoti?"

Watu wakainama. Wazee wakaacha mikongojo wakainama. Na kweli, jamani, kweli kabisa: kile kipande cheupe ambacho kila mtu alidhani ni ncha ya shati kilikuwa na shingo, na shingo ilikuwa na kichwa, na kichwa kilikuwa na mdomo mdogo wa rangi ya karoti umefunguliwa kuomba msaada.

"Kamkalia ili asipige kelele," alieleza Lubbert, kama mtu anayeeleza bei ya samaki. "Anamfunga miguu. Na uso wake niliuona vizuri sana, alipogeuka kuangalia kama kuna mtu."

"Mtaje!" alisema Mzee Teunis, na safari hii hakucheka. "Sisi tunakula karoti siku ya Martin. Mtaje."

"Mtaje!" likaitikia benchi.

Lubbert akainua kidole. Alipenda kutazamwa, yule. Akavuta pumzi.

"Aliyekuwa pale ni..."

"MIMI!"

Sauti tatu. Kwa pamoja. Kama kwaya.

"Ni mimi," alisema Stoop haraka, jasho linamtiririka, "nilikuwa na tumbo! Mtu hawezi kushikwa na tumbo msituni? Bata simjui, alikuwa anapita!"

"Mwongo, ni mimi!" alisema Ysbrand. "Nilikula chaza wabovu! Hayo makalio ni yangu, na ninayasimamia!"

Na wa tatu... Baertje hakutaka kugeuka. Akageuka. Baba yake alikuwa mwekundu kuanzia kola mpaka kwenye masikio.

"Mimi pia nilikuwa najisaidia," alisema Wouter. "Jumanne. Nyuma ya mwaloni."

Basi. Dakika ishirini nyuma hakuna aliyeyataka makalio yale hata kwa zawadi, sasa yanagombewa na wadhamini watatu kama kiti cha umeya.

"Kumbe mlikuwa watatu?" Lubbert alishangaa kwa dhati. "Mimi nilimwona mmoja tu!"

"Wanaume watatu," alisema Mzee Teunis, akihesabu kwa vidole, "makalio mamoja, bata thelathini. Hesabu haijakaa sawa, lakini inakaribia."

"Tulikuwa tunajisaidia!" Stoop alipiga ngumi mezani. "Mchoro wenyewe si unaonyesha? Suruali iko magotini! Nani anaiba bata suruali ikiwa magotini?"

Ysbrand na Wouter wakaitikia kwa vichwa. Hoja nzuri. Hoja ya mwanasheria. Hata Mzee Mattheus alionekana kuipima.

Lubbert akajikuna kidevu. "Ah, suruali. Suruali niliishusha mimi. Mazoea tu. Yule mtu niliyemwona alikuwa kavaa vizuri kabisa."

Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Wazee wanapiga mikongojo, Ysbrand anatafuta mlango, Stoop anatafuta maneno. Katikati ya zogo lile, Bibi Hillegonda akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwake:

"Na... na yale makalio?"

"Ya kwangu, bibi," alijibu Lubbert. "Nina vioo viwili."

Bwana Stoop akageuka polepole sana kumtazama mke wake wa miaka ishirini na sita. Bibi Hillegonda akafungua kipepeo chake akajipepea, ingawa ilikuwa Novemba.

Lakini hilo tuliache, lina siku yake! Sasa saa sita kasoro dakika nane, na Baertje hana muda wa ndoa za watu.

Akapanda juu ya kigoda. Sijui alipata wapi ujasiri. Alisema baadaye kwamba aliona tu pipa la mtindi mbele ya macho yake, na Harmen amesimama nyuma yake akiwa na kijiko.

"Nisikilizeni! Mkiukataa mchoro, mji utauliza kwa nini. Utakuja kutazama. Utamwona bata. Mkiukubali, ni msitu. Ni mtu mwenye tumbo nyuma ya mti, kama misitu yote. Na wazee hawa leo, kabla jua halijazama, wataletewa bata thelathini waliochomwa. Sivyo, Mzee Teunis?"

Teunis akafikiri. "Na bia."

"Na bia ya Bwana Stoop."

"Nyeusi," alisema Teunis. "Si ile anayowauzia mabaharia."

Sasa mtu anaweza kusema: Mzee Teunis naye, mbona kauza haki kwa bata? Lakini Teunis ana miaka themanini na mmoja. Alipokuwa mtoto alizingirwa na Wahispania ndani ya mji huu huu akala ngozi ya kiatu, na msitu wote wa kusini, kabla haujaota upya huu wa sasa, ukakatwa kuwa kuni za maadui. Alikuwa akiutazama mchoro wa Joost tangu asubuhi na kuuambia kwa sauti ya chini, "Mlikuwa wakubwa hivi. Hivi hivi kabisa." Aliutaka ukutani kwake. Na bata pia aliwataka.

Stoop akaweka sahihi. Kalamu ilipiga kelele kama panya.

Ysbrand akaweka sahihi, hakusoma hata alichoandika.

Saa sita kasoro dakika tatu. Imebaki sahihi moja.

"Baba," alisema Baertje, akimpa kalamu kwa mikono miwili.

Wouter akaipokea. Akamtazama binti yake, na macho yake hayakuwa mabaya. Huyu ndiye aliyemlea peke yake tangu mama yake alipofariki. Huyu ndiye aliyekuwa kila asubuhi ya baridi anatia makaa ndani ya viatu vyake vya mbao, anayatikisa, anayamwaga, ili mtoto avae viatu vya moto aende shule.

Akainama. Akaandika. Aliandika maneno mengi kuliko jina.

Mzee Mattheus akakivuta kitabu, akasoma kwa sauti ileile ya mkate wa jana:

"'Mimi Wouter, mng'arisha kitani, naukataa mchoro huu. Sababu: mtu aliyechuchumaa ni mimi.'"

Joost akakaa chini sakafuni, palepale.

"Baba!" alisema Baertje. "Watakisoma kila Pasaka! Watakucheka mpaka ufe!"

"Watacheka Pasaka moja, mbili," alisema Wouter. "Mtindi ni wa maisha. Huyu kijana atakulisha nini, mwanangu? Majani? Utakuja kunishukuru ukiwa na ng'ombe arobaini." Na akaifuta kalamu kwa leso yake nyeupe, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Kengele ya kanisa kuu ikapiga.

Moja.

"Haiwezekani kufutwa?" Joost aliuliza.

Mbili.

"Njia ipo moja," alisema Mzee Mattheus, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonekana hapendi kazi yake. "Mdhamini akishtakiwa kwa jina, mbele ya kitabu hiki, kwamba ameiba mali ya nyumba, sauti yake inahesabiwa kama haikuwepo. Sahihi mbili zilizobaki zinatosha."

Tatu.

"Namshtaki mimi!" alisema Teunis.

"Mkazi wa nyumba hana haki ya kumshtaki mdhamini. Ndiyo sheria."

"Nani kaitunga?"

"Wadhamini."

Nne.

"Mimi nilimwona mmoja kwa macho!" alisema Lubbert.

"Ushahidi wa mlevi hauandikwi."

Tano. Joost akainuka, lakini Mzee Mattheus alikuwa anatikisa kichwa kabla hajafungua mdomo. "Wewe ndiye unayefaidika, kijana. Kaa."

Sita.

Stoop alikuwa anatazama dari. Ysbrand alikuwa anatazama viatu vyake. Bibi Hillegonda alijipepea.

Saba.

"Amebaki mtu mmoja," alisema Mzee Mattheus. "Kisheria binti huyu hajachumbiwa na Joost, kwa kuwa sharti la baba yake halijatimia. Kwa hiyo hana maslahi. Anaweza kusema."

Nane. Ukumbi wote ukamgeukia Baertje.

Na hesabu aliyoifanya Baertje ndani ya kengele mbili, hata Ysbrand na daftari lake la hesabu asingeiweza. Akiwataja wote watatu, ambao wote wameiba, sahihi zote zinakufa na Joost anakufa nazo. Ili Joost apone, lazima Baertje ataje mmoja tu. Awaache wale wawili wanene waende nyumbani na kofia zao. Amtaje mwembamba. Amtaje aliyempashia viatu kwa makaa. Na anayeiba sadaka Haarlem anasimamishwa sokoni kutwa nzima, bata kafungwa shingoni, watoto wanatupa mayai.

Kumi.

Wouter alimtabasamia. Hakuogopa hata kidogo. Alimjua binti yake, yeye ndiye aliyemlea. Hata akamnyooshea mkono, twende nyumbani mwanangu, Harmen anatusubiri na chakula.

Kumi na moja.

Baertje akautazama ule mkono. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, na jina la kwanza lililotoka lilikuwa Wouter.